Kuteremka Sekenke kwa Baiskeli

Upepo wa Singida ukikushika mgongoni, usishangilie mapema. Wenyeji wameuzoea. Kiangazi kizima unavuma kutoka kusini mashariki, unapuliza vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, unafungua milango ambayo haikukomewa vizuri, na mipango ya kuutumia kufua umeme imezungumzwa hadi watu wakachoka kuuliza. Msafara wetu wa baiskeli, uliotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, kilomita zaidi ya 1,100 za lami, ulikuwa ukiutamani upepo huo tangu Dodoma. Barabara ya Igunga inaelekea kaskazini magharibi, kwa hiyo upepo unakupata sawasawa mgongoni. Ni kweli unasukumwa. Lakini ukienda kilomita 25 kwa saa na upepo nao ukaenda 25, wewe umekaa ndani ya hewa iliyosimama. Jasho halikauki. Nzi akitaka kutua puani, anatua. Miguu inafurahi na mapafu yanalalamika.

Tulitoka Singida mjini kabla ya saa kumi na mbili, taa nyekundu zikiwaka na kuzima chini ya viti, majabali na Ziwa Singidani tukiyaacha gizani. Mbele yetu kulikuwa na kilomita zisizopungua 140, na kapteni alitaka tuvuke mbuga ya Wembere kabla jua halijawa la adhabu. Hakuna aliyeamini kwamba tutawahi, ila hakuna aliyesema. Asubuhi kwenye msafara huwa hakuna mazungumzo. Kila mtu yuko na mwili wake, anakagua goti, anakagua kiganja kilichokufa ganzi tangu jana, na wengi wako nyuma ya gari la huduma wakijipaka mafuta ya mgando mahali ambapo siwezi kupataja gazetini. Kopo kubwa la mafuta hayo ndiyo mali ya pamoja inayolindwa kuliko pampu. Mtu anaweza kusahau tyubu ya akiba akasamehewa. Akisahau kufunika kopo likaingia mchanga, anasemwa mpaka Nzega.

Tulikuwa watu ishirini na kitu. Kapteni ni mhasibu siku za kazi, na ukapteni wake una harufu ya uhasibu, maana anajua kila chupa ya maji imekwenda kwa nani. Kuna muuguzi mstaafu aliyepita miaka sitini, sote tunamwita Mama, anayeendesha kwa mwendo mmoja kuanzia alfajiri hadi jioni, mlima usimpunguze na mteremko usimwongeze. Kuna vijana wa kompyuta wenye saa zinazowapimia mapigo ya moyo. Kuna fundi wetu, mpole, mwenye mfuko wa spana. Na kuna kijana kutoka Busia upande wa Kenya, ambaye hawezi kupita siku bila kutukumbusha kwamba bodaboda ilizaliwa kwao, na kwamba ilizaliwa ikiwa baiskeli, ikivusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine kati ya Kenya na Uganda kabla pikipiki hazijalinyakua jina hilo.

Barabara kuu ya kuelekea Mwanza haina huruma na watu wa aina yetu. Juu yake yako mabasi yanayokimbizana na ratiba, yako malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, ziko Noah, ziko pikipiki, halafu mwisho kabisa, ukingoni, pale lami inapomegekea kwenye changarawe, iko baiskeli. Kwa hiyo tunakwenda mstari mmoja, katika vikundi vya watu watano watano, na kati ya kikundi na kikundi tunaacha nafasi ya basi kujiingiza likibanwa. Habari zinapita kwa mdomo. Wa mbele akipaza sauti “Shimo!”, wa pili anarudia, wa tatu anarudia, mpaka inamfikia wa mwisho ambaye kwa kawaida ameshalipiga. Wa nyuma akisema “Nyuma!”, maana yake kuna kitu kikubwa kinakuja, na sauti hiyo inapanda mstari kwenda mbele. “Rasta!” ni vile vituta vidogo vilivyopangwa sambamba kabla ya kila kijiji. Dereva wa gari anavisikia kwenye matako tu, mwendesha baiskeli anavisikia kwenye meno, viwiko na figo.

Kuna jambo nililigundua asubuhi ile kuhusu uongozi. Tangu Dar es Salaam, kila upepo ulipokuwa mbele yetu, nafasi ya kwanza mstarini haikuwa na wagombea. Aliye mbele ndiye anayeukata upepo, walio nyuma wanajificha mgongoni kwake, na zamu ya kila mtu ilikuwa ikiisha ghafla kwa sababu ya kamba ya kiatu au kiu. Upepo ulipogeuka kuwa wa nyuma, watu wote wakawa viongozi. Vijana wa kompyuta waliongoza. Mtu aliyekuwa akijificha tangu Chalinze aliongoza kilomita nyingi mfululizo na kutushauri tukaze mwendo. Mama alibaki katikati, kimya, gia ileile.

Kulipopambazuka, Singida ilianza kuuza bidhaa zake. Madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa mezani, ya manjano, jua likipita ndani yake. Vitunguu vimejazwa kwenye magunia mpaka juu. Na kuku, wale kuku wa kienyeji wa Singida wanaoliwa Dar es Salaam kwa bei inayowashangaza wafugaji wenyewe, wamo ndani ya matenga, vichwa nje, wakitutazama tukipita. Tenga la kuku halifiki barabarani kwa miujiza. Kuna mtu ameamka usiku, amezunguka nyumba hadi nyumba akinunua jogoo mmoja hapa na tetea wawili pale, amewafunga miguu, amewapanga. Zamani mtu huyo alikuwa na baiskeli. Wengi siku hizi wana pikipiki ya Kichina, na asubuhi ile tulipishana na matenga mengi yaliyokwenda mbio, na machache yaliyokwenda taratibu yakiyumba juu ya keria.

Watoto wa shule walikuwa wakitupigia kelele tangu mbali. “Wazungu! Wazungu hao!” Miongoni mwetu hakukuwa na Mzungu hata mmoja. Lakini mtu aliyevaa kofia ya plastiki, miwani ya rangi ya upinde na kaptula ya kubana, akiwa juu ya baiskeli isiyobeba chochote, atakuwa nani mwingine? Kijana wa Busia alijibu kwa Kiluo. Wakacheka zaidi.

Iguguno tulisimama kunywa chai. Mama lishe alituhesabu kwa macho, akaongeza unga kwenye chapati bila kuuliza, na alipomaliza kutusikiliza tumetoka wapi na tunakwenda wapi, aliuliza swali moja:

“Mmeadhibiwa na nani?”

Tulicheka, lakini yeye alikuwa anasubiri jibu. Kapteni akaanza kueleza habari za afya na kuifahamu nchi, maelezo mazuri, yenye takwimu ya kalori. Mama lishe akampatia chai. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi na kikombe cha uji ndiye aliyetuokoa. “Waache,” alisema. “Mwalimu naye alitembea.”

Na ni kweli. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, alitoka Butiama akatembea kwa miguu mpaka Mwanza, na vijana katika mikoa mbalimbali walikuwa barabarani wakifanya matembezi kama hayo kuliunga mkono Azimio. Wapo waliotembea kwa kuamini, na bila shaka wapo waliotembea kwa kuwa wengine walikuwa wanatembea. Siku hizi kuna msafara wa baiskeli unaokwenda Butiama kila mwaka kwa ajili ya kumbukumbu ya tarehe 14 Oktoba. Nchi hii ina desturi ya kuvukwa kwa miguu mtu anapotaka kuonyesha kitu, hata pale ambapo kitu chenyewe hakijamkaa sawa kichwani. Sisi hatukuwa na azimio lolote la kuunga mkono. Mzee hakutuuliza, na chapati zilikuwa za moto.

Kutoka hapo hadi Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi, ni mwendo wa kupanda kidogo na kushuka kidogo katika nchi ya Wanyiramba, miti mifupi, mawe, mashamba, mbuzi wanaoijua sheria ya barabarani kuliko watu. Sina mengi ya kusema juu ya kilomita hizo ila kwamba zilipita. Ni sehemu ya safari ambayo kichwa kinafanya hesabu za kijinga: nikikanyaga pedeli mara ngapi nitafika kwenye ule mbuyu, na mbona mbuyu hausogei.

Kisha tukakuta majani barabarani. Matawi mabichi, yamekatwa na kutupwa upande wetu wa lami, moja, baada ya hatua kadhaa jingine, halafu jingine. Kila dereva wa njia hii anajua maana yake: punguza mwendo, kuna gari limekufa mbele. Katika milima na kona ndiyo pembetatu ya kuakisi mwanga ya maskini, na inaheshimiwa kuliko ile ya dukani. Tulipunguza. Baada ya kona lilikuwapo lori lenye trela, limeinuliwa kwa jeki, utingo amelala chini yake miguu ikiwa nje, kandambili pembeni. Tulikuwa tumefika Sekenke.

Wanaosafiri kwa basi wanaujua mlima huu kwa tumbo. Nyanda za juu za Singida ziko kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mbuga ya Wembere iko chini yake kwa mamia ya mita. Kati ya hizo mbili, ardhi haikujishughulisha kuweka ngazi. Barabara inajikunja, inajikunjua, inashuka. Kabla ya lami, madereva wanasimulia, malori yalilala hapa, na mengine hayakuamka. Kutoka juu unaiona mbuga imenyooka chini, ya kijivu, haina mwisho unaoonekana, na vumbi la ng’ombe limesimama katikati yake.

Kapteni alitusimamisha, akatoa masharti. Hakuna kumpita mwenzio. Mita hamsini kati ya mtu na mtu. Breki ya mbele na ya nyuma kwa kupokezana, usiing’ang’anie moja mpaka rimu ikaungua. Macho kwenye lami, si kwenye mandhari. Mama akaongeza sharti lake: anayetaka kupiga picha ashuke kwenye baiskeli. Tukaanza kuteremka mmoja mmoja.

Kwa mara ya kwanza siku ile hewa ilisogea. Ilikuja usoni ikanikausha jasho mara moja, nikasikia baridi. Upande wa pili wa barabara malori yalikuwa yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini zikinguruma, na utingo mmoja alikuwa anatembea kweli kando ya tairi la nyuma, gogo mkononi, tayari kulisukumia chini ya gurudumu kama gari lingerudi nyuma. Sijaona kazi nyingine ambayo mtu anamsindikiza mwajiri wake namna ile. Mabasi yaliyotoka Mwanza alfajiri yalikuwa yakifika saa hiyo, moja baada ya jingine, na kila moja lilitupigia honi ambayo sikuweza kujua ni salamu au matusi. Harufu ya breki zilizochemka ilijaa kila kona.

Katikati ya mteremko nikasikia mlio, *ting*, mfupi kabisa. Aliye mbele yangu, mmoja wa vijana wa kompyuta, akainua mkono. Njiti ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekatika, upande wa gia, na rimu ilikuwa imepinda kiasi cha kugusa breki kila mzunguko. Tulijitoa barabarani kwenye kijisehemu cha changarawe. Fundi wetu alikuja, akachuchumaa, akakunja uso. Njiti za akiba zilikuwepo, lakini kifaa cha kufungulia seti ya gia kilikuwa kwenye gari la huduma, na gari la huduma lilikuwa nyuma ya lile lori lililokufa.

Hapo tukakutana na mtu aliyekuwa akipanda. Alikuwa anasukuma Phoenix nyeusi iliyoongezewa nondo kwenye keria na fimbo ya chuma mbele kuikinga uma isikatike. Juu ya keria kulikuwa na tenga lililofunikwa gunia, na harufu ilijitambulisha yenyewe: samaki wakavu wa Ziwa Kitangiri. Aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaiegemeza baiskeli kwa kijiti chenye panda alichokuwa amekifunga kwenye fremu kwa kazi hiyo tu, akatusalimia, akasimama akitazama.

“Njiti?”

“Njiti.”

Alitazama tena, kisha akavua kutoka kwenye usukani wake utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya zamani. Akaichukua njiti iliyokatika, akaifunga kwa utepe huo kwenye jirani yake ili isichezecheze. Akainua gurudumu, akalizungusha taratibu, dole gumba lake amelibana kwenye fremu, ukucha ukiwa karibu na rimu. Rimu ilipougusa ukucha, alisimamisha. Akaanza kuzigusa njiti moja moja, akizipiga kwa kucha na kusikiliza. Fundi wetu, ambaye ana cheti, alimpa spana ya njiti bila neno. Mzee, maana kwa karibu alionekana mtu mzima kuliko nilivyodhani, alilegeza mbili za upande wa pili robo mzunguko, akakaza moja, akazungusha, akasikiliza, akalegeza kidogo tena. Rimu ikaacha kugusa breki. Kazi yote haikuchukua muda wa sigara moja.

“Itafika Igunga,” alisema. “Usiipeleke kwenye mashimo.”

“Ahsante sana, Mzee wangu,” kijana alisema. “Tukupe nini?”

Hakujibu. Alikuwa anazitazama baiskeli zetu zilizolala kwenye changarawe, moja moja, akitafuta kitu.

“Mnauza nini?”

“Hatuuzi, Mzee. Tunasafiri tu.”

“Mnakwenda msibani?”

“Hapana. Tunatoka Dar es Salaam tunakwenda Mwanza. Kwa mazoezi.”

“Na mnalipwa.”

“Tunalipa wenyewe.”

Alicheka, kicheko cha heshima, cha mtu aliyesimuliwa jambo na mkwewe. Mama alikuwa ameshafunua gunia na kuanza kuchagua samaki. Alinunua fungu zima kwa bei aliyotajiwa, jambo ambalo kwa Mama halijawahi kutokea sokoni Kariakoo, na hayo ndiyo yalikuwa malipo, bila kumvunjia mtu heshima. Kijana wa Busia akajitolea kusukuma. Akashika keria kwa nyuma, viatu vyake vyenye chuma chini vikiteleza kwenye lami, wakapanda pamoja mpaka kona ya juu. Alirudi amelowa. “Ule mzigo,” alisema, akanyamaza, akanywa maji, “ule mzigo una uzito wa mtu.”

Nilimfikiria yule mzee kwa kilomita nyingi. Nilipokuwa mdogo baiskeli ilikuwa gari la familia. Phoenix, Raleigh, au Swala iliyokuwa ikiunganishwa hapahapa nchini, ilisajiliwa kichwani mwa kijiji kizima, na aliyekuwa nayo aliazimwa kupeleka mgonjwa, kuleta unga, kuleta bibi harusi. Sasa imegawanyika. Moja imebaki mlimani Sekenke, inabeba samaki, na mwenyewe ataiacha siku akipata pikipiki. Nyingine imehamia mjini, imepungua uzito, imepanda bei, inabebwa juu ya gari kupelekwa mahali pa kuendeshea. Sioni aibu kuipenda hiyo ya pili, ni yangu. Lakini tuache kujidanganya kwamba sisi ndio tunaoufufua utamaduni wa baiskeli nchini. Yule mzee hajafa.

Vilima vinavyouzunguka mteremko ule navyo vina hadithi ya mizigo. Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowakata na Ulaya, wakakosa sarafu za kuwalipa watu, dhahabu ya hapa ilipelekwa Tabora. Humo, ndani ya karakana ya reli, mwaka 1916 wakagonga sarafu ya rupia 15, yenye tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani leo wanagombea vipande hivyo minadani. Wachimbaji wadogo bado wanachimbua maeneo haya kwa sururu na bahati. Wawili walitupita kwa pikipiki tukiwa bado changaraweni, mavumbi mpaka kwenye kope, wakatutakia safari njema.

Shelui tulikula ugali na samaki wa Mama, waliorostiwa na nyanya kwa mama lishe aliyetukubalia tulete mboga yetu. Ilikuwa saa saba. Kapteni aliangalia saa, akaangalia jua, akafanya hesabu, akaifuta. Mpango wa kuivuka Wembere asubuhi ulikuwa umekufa pamoja na njiti.

Kuhusu Wembere mchana wa Septemba, nitasema hivi: maji ya chupa yalikuwa ya moto kiasi cha kukorogea uji. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Barabara imeinuliwa juu ya tuta kwa sababu masika ardhi hii yote ni maji, na kiangazi tuta hilo linakuweka juu, peke yako na jua, bila mti. Makundi ya ng’ombe yalikuwa yakivuka kwa mbali na wachungaji wao, Wasukuma na Wataturu. Upepo ulikuwa bado mgongoni, bado unatembea nasi mguu kwa mguu, bado hautusaidii kupumua. Mstari wetu wa watu watano watano ulivunjika bila amri. Waliokuwa viongozi asubuhi sasa walikuwa wametawanyika nyuma, na mmoja wao alikaa chini ya kalvati, ndani ya bomba la zege, akidai anarekebisha kiatu. Mama alimpita, gia ileile, akamwachia chupa ya maji yenye chumvi na sukari ukingoni bila kusimama.

Maji ya mbuga hii hayaendi baharini. Yanakusanyika Kitangiri, yanapita Mto Sibiti, yanaishia Ziwa Eyasi, na huko yanakaushwa na jua. Wakati wa ukoloni wahandisi wa Kijerumani waliitazama Wembere, tambarare, nyeusi, yenye rutuba, wakapata wazo kubwa: kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria mpaka hapa, kuimwagilia, na kulima pamba ya viwanda vyao. Vita ikaja, koloni likaenda, mipango ikabaki kwenye makabati. Ukiwa umekaa juu ya kiti kinachounguza, midomo imepasuka, wazo lile halionekani la kichaa hata kidogo, pamba ama bila pamba.

Tulijua tumeingia vizuri mkoa wa Tabora kwa sababu ya baiskeli. Tambarare inazipenda. Zilianza kutokea mojamoja kwenye njia za pembeni, halafu nyingi: mama na madumu mawili, watoto watatu juu ya fremu moja, babu mwenye koti na redio iliyofungwa kwenye usukani, amenyooka, akienda polepole kwa mwendo wa mtu asiyemdai mtu. Tulipompita alinyanyua mkono. “Mwadila!” Tukamjibu vilevile, kwa lafudhi zetu za pwani, akacheka, na baada ya kilomita mbili, tuliposimama kupumua, akatupita.

Igunga tuliingia jua likiwa jekundu. Fundi baiskeli alikuwa chini ya mwembe karibu na stendi, kijana mdogo, pampu ya mguu, beseni la maji ya kutafutia pancha, kopo la maziwa lililojaa njiti. Gurudumu lenye utepe wa mzee wa Sekenke lilimfanya atabasamu. Alikuwa anaujua ufundi huo. Njiti za kopo lake zilikuwa za Phoenix, ndefu mno, na gari la huduma lilikuwa bado halijafika. Hakuhangaika. Alichagua moja, akaipima kwa macho, akakata upande wa kichwa kwa koleo, akaukunja ukawa ndoano yenye kona mbili, akaipenyeza kwenye tundu la kitovu cha gurudumu bila kufungua gia. Akaikaza upande wa rimu, akazungusha, ukucha kwenye fremu. Fundi wetu alipiga picha ya ile ndoano kutoka pande zote.

“Elfu mbili,” alisema kijana. Kijana wa kompyuta alimpa elfu kumi. Alirudishiwa chenji, noti moja moja, na alipoikataa akaambiwa basi alete baiskeli za wenzake zote zikazwe minyororo, hesabu iwe sawa. Ndivyo ilivyokuwa. Tulipanga foleni chini ya mwembe mpaka giza likaingia.

Gesti yetu ilikuwa na vyumba vya kutosha na bomba la kuogea uani. Nilipofungua, maji yalitoka kwa nguvu, ya baridi, na mhudumu aliyekuwa akianua mashuka akaniambia nisiwe na wasiwasi wa kuyamaliza, ni ya ziwani. Ziwa gani? Viktoria. Yanakuja kwa bomba siku hizi, Nzega, Igunga, mpaka Tabora mjini, mradi uliojengwa kwa mkopo wa India na kuanza kutoa maji miaka michache iliyopita. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu ambaye zamani alikuwa akinunua ndoo na sasa hanunui tena. Zaidi ya miaka mia tangu wazo la Wajerumani, na maji yamefika ukingoni mwa Wembere. Hayakuja kwa ajili ya pamba ya mtu. Yalikuwa yananimwagikia kichwani.

Habari zilienea kwenye foleni ya kuoga. Sisi tuliokuwa tunalifuata Ziwa Viktoria kwa miguu yetu tangu Dar es Salaam, tukiwa bado hatujafika hata Shinyanga, tulikuwa tayari tunalioga. Kijana wa Busia, taulo shingoni, akatangaza kwamba kwa mujibu wa hesabu zake safari imekwisha na anayetaka kupanda basi la kurudi aandikishe jina. Majina manne yaliandikwa. Kapteni alilipitia daftari, akalifunga, akasema kuondoka ni saa kumi na moja na nusu, na aliyeacha kopo la mafuta ya mgando wazi kule Shelui ajitaje mwenyewe kabla ya chakula.